Mkaja wa Mama

Katika mashauri ya posa ya watu wa Pwani, ikisha kutajwa mahari, ambayo ni haki ya bibi arusi mwenyewe kwa hukumu ya sharia, hufuatia kutajwa ada nyingine zilizo za mila, na miongoni mwazo mna kilemba cha baba, na ubeleko, na mkaja wa mama. Kilemba hakimtatizi mtu, kwani kila mmoja ajua ni vazi la kichwani na alama ya heshima. Ubeleko nao wajulikana, kuwa ni nguo ya kumbebea mtoto mgongoni. Lakini mkaja siku hizi hutajwa kwa ulimi tu na kuhesabiwa kwa shilingi, hali wengi wa wautoao na waupokeao hawana habari kwamba asili yake ni kitambaa, tena kitambaa cha kufungwa kiunoni, na kwamba ndani ya neno hilo dogo yamehifadhiwa maumivu ambayo waandishi wa tarehe hawakuyashughulikia.

Kamusi ya Kiswahili kwa Kiingereza iliyotoka mwaka 1939, iliyotengenezwa chini ya uongozi wa Frederick Johnson, imeziweka maana zote mbili pamoja: nguo ambayo mwanamke hujifunga kiunoni, khasa akisha kuzaa, na hiba apewayo mama wa bibi arusi. Nami naitakidi kwamba maana ya pili imezaliwa na ya kwanza, kwa kuwa amwoaye binti wa watu humrejeshea mama yake ile nguo aliyokazia viungo vyake siku za uzazi; na mila ambayo ingeweza kumpa mama huyo kikuku au kisutu, ikachagua kumpa nguo ya kiuno, bila shaka ilikuwa ikijua kiuno hicho kilipata nini.

Mwanamke aingiapo miezi ya katikati ya himila yake, na pengine kabla, huweza kuanza kuhisi maumivu katika kinena, na nyuma pale uti wa mgongo unapoungana na nyonga, yakateremka hata mapajani. Mchana huyavumilia kwa kuwa shughuli za nyumba humsahaulisha. Lakini usiku humrudia kwa nguvu, maana alalapo ubavu mmoja uzito wa mwili hukaa juu ya nyonga moja, na mguu wa juu ukaangukia mbele ukivuta viungo vya kinena, na lile tendo la kujigeuza ubavu, ambalo mwingine hulitenda usingizini pasipo kujua, kwake yeye likawa ni safari ya kufikiriwa kwanza na kuombewa dua.

Mwaka 1903, huko Göttingen, Carl Velten alichapisha Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichotokana kwa sehemu kubwa na kalamu ya Mtoro bin Mwinyi Bakari, na humo habari za uzazi na malezi zimepewa nafasi yake. Walakini mwandishi alikuwa mwanamume, na chumba cha mja mzito usiku si mahali ambapo mwanamume wa zama zile angeingia na wino wake. Elimu ya chumba hicho ilikuwa mikononi mwa mkunga na vinywani mwa wanawake wakubwa, wakiirithishana pasipo daftari.

Sehemu ya elimu hiyo naikumbuka nyumbani kwetu, na ilianzia kitandani. Kitanda cha Pwani kilikuwa na matendegu manne, na mifumbati miwili ubavuni, na vitakizo viwili, kimoja mchagoni na kimoja miguuni, kisha kikawambwa kwa kamba za usumba utokao katika makumbi ya nazi. Na kamba hizo, kwa uzito na kwa siku, hunyooka, katikati ya kitanda pakafanya bonde. Mtu mwenye afya hulala katika bonde hilo kama mtoto katika mlezi, bali mwenye nyonga zinazouma hubanwa pande zote, wala hapati pa kujiegemeza ageukapo. Kwa hiyo bibi yangu, aambiwapo kwamba mwana wa fulani ni mzito na halali usiku, la kwanza aliloliuliza halikuwa la dawa. Aliuliza kitanda kilikazwa lini, na jibu lisipompendeza alimwita mwanamume wa nyumba akikaze mbele ya macho yake. Vitanda vya fahari, virefu vya kupandiwa kwa kibao, hakuvitaka kabisa kwa mja mzito, kwa kuwa apandaye husimama kwa mguu mmoja, na kusimama kwa mguu mmoja huyaamsha maumivu hayo.

Kisha huagiza mto wa sufi uwekwe baina ya magoti, na katika kujigeuza kitandani alikuwa na amri yake: “Magoti yaende pamoja, mwanangu, usiyaache yakaagana.” Mchana hutwaa kanga kuukuu iliyolainika kwa kufuliwa, akaikunja upana wa shibiri, akaifunga chini ya tumbo, juu ya nyonga zenyewe, wala si juu ya mtoto, akaikaza mpaka mwenyewe ashushe pumzi. Kiuno na mgongo huvikanda kwa mafuta ya nazi yaliyopashwa moto. Ama tumbo hakuligusa, na wale wakandao tumbo kwa nguvu aliwachukia, nami naona alikuwa na haki, kwani madhara yake yajulikana.

Elimu ya vitabu nayo ikaja kwa njia yake. Mwaka 1926, huko Marekani, Frederick Hisaw, mtaalamu wa elimu ya wanyama, alidhihirisha kwamba majimaji ya damu ya mnyama mwenye mimba, yakitiwa katika mwili wa simbilisi asiyekuwa nayo, hulegeza kano za kinena chake. Na kile kilichomo katika majimaji hayo kinacholegeza kano kikaja kuitwa relaksini. Wataalamu wakapima uwazi ulio baina ya mifupa miwili ya kinena, ambao kwa desturi ni milimita 4 au 5, wakaona kwamba mimba huuzidisha kwa milimita 2 au 3. Baadaye ikabainika kwamba wingi wa relaksini peke yake hautoshi kueleza kwa nini huyu aumie na mwenziwe asiumie. Na huko Uingereza hukadiriwa kwamba katika wajawazito watano mmoja hupatwa na maradhi haya. Watibabu wa viungo wa leo huwausia wagonjwa wao mto baina ya magoti, na kugeuka magoti yakiwa pamoja, na mkanda wa kukaza nyonga, ambao huuzwa madukani kwa bei ambayo mwenye doti moja kuukuu ya kanga angeistaajabia.

Nilihudhuria posa moja Mombasa, na kijana mmoja wa upande wa bwana arusi, aliyekuwa akiandika orodha, akauliza kwa adabu mkaja ni nini hata ukadaiwa mbali na mahari. Wazee wa kiume wakatazamana, mmoja akasema ni ada, mwingine akasema ndivyo tulivyowakuta wazee wetu. Nyuma ya pazia mama wa binti akajibu, “Ni kiuno changu, baba.” Kijana akainama, akaandika kiasi kilichotakwa pasipo kukipunguza, wakaendelea na ubeleko.