Mwanga na mashimo meusi: Safari za anga bila mafuta

LORI linalovuka Makupa kutoka kisiwa cha Mombasa kwenda bara hubeba mafuta yake lenyewe. Roketi ni vivyo hivyo, ila mafuta ndiyo sehemu kubwa ya uzito wake inaporuka. Majahazi ya tanga yaliyokuwa yakija Bandari ya Kale kwa upepo wa kaskazi hayakuwa na mzigo huo, maana nguvu iliyoyasukuma ilitoka nje.

Angani hakuna upepo, lakini kuna mwanga, nao ukigonga kitu hukisukuma, ijapokuwa kidogo mno. Mwaka 2010 chombo IKAROS cha Japani kilitandaza tanga jembamba lenye upana wa mita 14 kila upande, kikasukumwa na mwanga wa jua. Tatizo ni kwamba mwanga huo hufifia kadiri chombo kinavyoliacha jua.

Mwaka 2019 mwanafalaki David Kipping wa Chuo Kikuu cha Columbia, Marekani, alipendekeza njia nyingine. Chombo kielekeze mwale wa leza kando ya shimo jeusi. Mvuto wa shimo utaupinda mwale hata uzunguke nyuma yake na kurudi ulikotoka. Iwapo shimo linakijia chombo, mwanga hurudi na nishati zaidi, iliyochotwa katika mwendo wa shimo lenyewe. Chombo husukumwa kinapoutoa na tena kinapoupokea. Kwa hesabu ya Kipping, kinaweza kulipita shimo kwa theluthi moja ya mwendo wake, pasipo kuchoma mafuta.

Hiyo bado ni hesabu ya karatasini. Lakini kwamba mashimo hayo yapo kweli, pwani ya Kenya ina fungu lake katika kulithibitisha. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru, setilaiti iliyoitwa Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Iligundua kuwa miale ya eksirei ya Cygnus X-1 hubadilika kwa muda usiofika sekunde moja, dalili kwamba chanzo chake ni kidogo sana. Wengine walipopima mwendo wa nyota iliyo jirani nacho, walikuta ni kizito kupita kiasi.

Kikwazo ni umbali. Shimo jeusi la karibu zaidi linalojulikana, Gaia BH1, lililotangazwa mwaka 2022, liko umbali wa miaka 1,560 ya mwanga hivi. Voyager 1, inayokwenda kilomita 17 kwa sekunde, ingehitaji miaka ipatayo milioni 27 kulifikia.