Uzito wa Mwili, Mzigo wa Mlima

Wadau, wacheza gofu huwalipa makocha wawafundishe kuhamisha uzito toka mguu mmoja kwenda mwingine. Akina mama wa Lushoto wanaujua ujuzi huo zamani, tena na mzigo kichwani.

Mwaka 1986 watafiti waliowapima wanawake wa Kikuyu na Kijaluo kule Kenya waliandika katika jarida la Nature kuwa mzigo usiozidi asilimia 20 ya uzito wa mwili hauwaongezei matumizi ya nguvu. Mwaka 1995 sababu ikaelezwa: wakibeba, mwili hubembea kama pendulumu, hatua moja ikiisukuma inayofuata.

Ila walipimwa kwenye tambarare. Usambara ni kupanda, na kila kilo lazima inyanyuliwe. Ndiyo maana nasema tuusifu ujuzi huo, lakini usiwe kisingizio cha kuwanyima barabara. Mnasemaje?