Ulemavu, Kazi na Haki: Somo la Historia kutoka Ushetu

Katika vikao vyetu suala la watu wenye ulemavu huwekwa mwisho wa ajenda, baada ya taarifa ya mapato na matumizi. Mara nyingi humalizwa kwa mchango mdogo wa fedha na makofi. Makada wengi hulihesabu kuwa ni suala la huruma. Katika makala hii tunakusudia kuonyesha kwamba ni suala la kazi: nani anafanya kazi, nani anahesabiwa kuwa amefanya kazi, na nani anapokea matunda ya kazi hiyo. Tunachukua mfano wa Ushetu na majirani zake, Kahama, Bukombe na Geita, kwa kuwa huko tumbaku na dhahabu zimeuweka ukweli huo wazi kabisa.

URITHI WA UKOLONI

Mkoloni na wenye mashamba walitaka kitu kimoja tu kutoka Unyamwezi na Usukuma: nguvu za mwili. Vijana walichukuliwa kuwa manamba katika mashamba ya mkonge. Kuanzia mwaka 1940 wengine waliingia katika mgodi wa almasi wa Mwadui. Mwenye mwili mzima alikuwa na bei. Aliyezaliwa na ulemavu, au aliyeumia kazini akarudi kijijini, hakuwa na bei. Alitunzwa na ukoo wake. Ndiyo kusema, faida ya uzima ilichukuliwa na mwajiri, na gharama ya ulemavu ikabebwa na mkulima.

Huduma chache zilizokuwapo zilitolewa na misheni. Shule ya wasioona ya Buigiri, mkoani Dodoma, ilianza mwaka 1950, na shule ya viziwi ya Tabora ilifunguliwa mwaka 1963. Kazi hiyo tunaitambua na kuiheshimu. Hata hivyo, huduma inayotolewa kama sadaka ina tabia moja: anayepewa hawezi kuidai. Ikija, atashukuru, isipokuja, hana pa kushtaki.

AZIMIO NA SHERIA ZA 1982

Azimio la Arusha la Februari 1967 lilileta fikra mpya. Lilieleza kwamba katika nchi ya kijamaa kila mwenye uwezo atafanya kazi, na kwamba wanaostahili kutegemea jasho la wengine ni watoto wadogo, wazee wasiojiweza, vilema, na wale ambao dola haijaweza kuwapatia kazi. Fikra hiyo ilikuwa na uzito wa kimapinduzi. Mtu mwenye ulemavu alitenganishwa na kupe. Kumtunza kukawa wajibu wa jamii nzima, badala ya kuwa fadhila ya tajiri au mzigo wa ukoo peke yake.

Lakini mwanafunzi wa historia hana budi kuutazama na upande wa pili. Mtu huyo aliwekwa katika orodha ya wanaotegemea, hakuwekwa katika orodha ya wafanyakazi. Hata lugha ya wakati ule ilimwita "kilema", neno la ngeli ya vitu. Wenyewe hawakukaa kusubiri. Wasioona waliunda chama chao mwaka 1964, na watu wenye ualbino mwaka 1978. Kwa hiyo haki tunazozisoma leo katika sheria hazikushuka kutoka juu tu. Zilidaiwa.

Umoja wa Mataifa uliufanya mwaka 1981 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Walemavu. Mwaka uliofuata Bunge letu lilipitisha sheria mbili: Sheria Na. 2 ya 1982 juu ya ajira, na Sheria Na. 3 juu ya matunzo. Ya kwanza ilimtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 50 au zaidi ahakikishe kwamba asilimia 2 kati yao ni watu wenye ulemavu. Ya pili iligawa wajibu wa matunzo kati ya familia, serikali za mitaa na Serikali Kuu.

Hiyo ilikuwa hatua kubwa, nayo ilikwama kwa sababu mbili. Kwanza, ilimlenga mwajiri mkubwa, hali wananchi wengi walikuwa wakulima. Katika vijiji vya Ushetu asilimia 2 ya waajiri wasiokuwapo ni sifuri. Pili, mashirika ya umma, ambayo ndiyo yangekuwa mfano, yaliingia katika ukata wa miaka ya 1980, kisha katika marekebisho ya uchumi na ubinafsishaji. Wafanyakazi wazima wenyewe walikuwa wakipunguzwa kazini. Sheria ikabaki kwenye kabati.

DHAHABU NA DAMU

Mgodi mkubwa wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, na Bulyanhulu mwaka 2001. Pembeni mwao maelfu ya wachimbaji wadogo walichimba bila mtaji, bila vipimo vya miamba na bila bima. Mahali ambapo mtu hana sayansi ya kumwambia dhahabu iko wapi, bahati hugeuka kuwa kitu cha kununuliwa, na wauza bahati hujitokeza. Kuanzia katikati ya miaka ya 2000 waganga matapeli waliuza uongo kwamba viungo vya watu wenye ualbino huleta utajiri katika machimbo na katika uvuvi. Watu wakauawa, watoto wakakatwa viungo.

Wapo wanaosema kwamba huo ni ushirikina wa zamani tu. Maelezo hayo hayatoshi. Ushirikina ulikuwapo kabla ya hapo. Kilichokuwa kipya ni soko. Palikuwa na mnunuzi mwenye fedha, dalali na muuaji wa kukodiwa. Mfumo uliokuwa umemnyima bei mtu mwenye ulemavu akiwa hai, sasa ulimpa bei akiwa maiti.

Septemba 2009 Mahakama Kuu iliyoketi Kahama iliwahukumu kifo watu watatu kwa kumuua mtoto wa miaka 14 wa Bukombe. Ilikuwa hukumu ya kwanza ya aina hiyo nchini. Lakini mauaji hayakukoma. Mwaka 2024 mtoto mdogo wa Muleba, mkoani Kagera, aliuawa. Februari 2025 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, iliamua kwamba nchi yetu ilishindwa kuwalinda ipasavyo watu wenye ualbino. Kada hapaswi kuukwepa uamuzi huo. Apaswa kuusoma.

SHERIA YA 2010 NA KAZI ILIYOBAKI

Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Na. 9 ya 2010, ilifuta zile mbili za 1982. Mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi sasa anawajibika kufikisha asilimia 3. Elimu, afya, majengo yanayofikika na ulinzi dhidi ya ubaguzi vimetajwa kuwa haki, na kamati zimeagizwa kuundwa kuanzia ngazi ya kijiji na mtaa. Mwaka 2018 sheria ya fedha za serikali za mitaa ilizitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba. Asilimia 2 kati ya hizo ni ya watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023, ikarejeshwa mwaka 2024.

Halmashauri ya Ushetu ilizaliwa mwaka 2012 kutokana na Kahama, na tumbaku ni miongoni mwa mazao yake makuu. Hebu tuitazame kaya ya mkulima wa tumbaku. Asiyeweza kutembea huketi akafunga majani kwenye fito. Kiziwi huchoma kuni za bani usiku kucha. Asiyesikia wala kusema huchambua madaraja kwa macho makali kuliko ya ndugu zake. Marobota yakifika katika chama cha msingi, jina linaloandikwa ni la mkuu wa kaya. Fedha zikija, mwenye ulemavu huambiwa kwamba anatunzwa! Jasho lake limeliwa, naye amehesabiwa kuwa mlaji. Kwa lugha ya Chama chetu jambo hilo lina jina moja: unyonyaji.

Kwa hiyo wajibu wa makada ni huu. Kwanza, kila tawi lijue watu wenye ulemavu wa eneo lake kwa majina na kwa kazi wanazofanya, si kwa idadi tu. Sensa ya 2022 ilionyesha kwamba wao ni asilimia 11.2 ya wananchi wenye umri wa miaka 7 na zaidi. Pili, tuhakikishe kwamba kamati ya kijiji ipo na inakutana, na kwamba wenye ulemavu wenyewe wamo ndani yake. Tatu, madiwani wetu waulize katika kila robo mwaka: asilimia 2 imetoka, na imekwenda kwa nani? Nne, vyama vya msingi viwaandikishe wanachama wenye ulemavu kwa majina yao wenyewe. Tano, machimboni tupeleke elimu ya miamba na ushirika wa wachimbaji, kwani soko la bahati halifi kwa hukumu za mahakama peke yake.

Azimio liliahidi kwamba jamii haitamtupa mtu. Sheria ya 2010 imeongeza kwamba mtu huyo anaweza kudai. Tawi lisilomwandika katika daftari lake limemnyima yote mawili.