Kabla ya kulaumu virusi, fungua boksi

Kazi yangu ni kuandika programu, kwa hivyo tarakilishi ya mtu ikianza kujikokota naulizwa kuhusu virusi na kufomati. Mimi huitisha bisibisi kwanza. Historia yenyewe iko upande wangu.

Tuanze na ENIAC, iliyozinduliwa Marekani mwaka 1946. Ilikuwa na valvu za kioo karibu 18,000, na hewa ilisukumwa ndani kwa feni ili isiungue. Wahandisi waliona kwamba valvu huharibika zaidi mashine ikiwashwa au ikizimwa, basi hawakupenda kuizima. Wanawake sita walioipangia kazi, wakiwemo Jean Jennings na Kay McNulty, waliijua hadi wakaweza kufuatilia hitilafu mpaka kwenye valvu iliyokufa. Kuandika programu na kutunza mashine vilikuwa chanda na pete.

Halafu tarehe 9 Septemba 1947, mafundi wa Harvard Mark II walimkuta nondo amekwama kwenye rilei. Walimbandika kwa selotepu ndani ya daftari la kazi, na daftari hilo limehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Smithsonian. Wahandisi walikuwa wakiita hitilafu "mdudu" tangu zamani. Siku hiyo utani ukawa kweli.

Kompyuta ilipofika mezani petu, mafundi hao hawakuja nayo. Mwanzoni haikuwa shida kubwa. Prosesa ya IBM PC ya mwaka 1981 haikuhitaji feni yake yenyewe. Pentium ya 1993 ilipata joto zaidi, ikaihitaji. Kufikia 2004, baadhi ya Pentium 4 zilizidi wati 100, sawa na balbu kali ya zamani iliyofungiwa ndani ya boksi.

Sasa, feni inavuta hewa, na hewa yetu ina vumbi. Vumbi likiziba zile mbavu za alumini juu ya prosesa, joto halina pa kutokea. Pentium 4 iliundwa ijipunguzie kasi ikichemka, na prosesa za leo hufanya vivyo hivyo. Mwenyewe haoni moto wala moshi. Anaona mashine imekuwa nzito tu, na kabla ya wiki kuisha ameshauziwa nyingine. Nimeona mashine nzima zikitupwa hivyo.

Basi fanya hivi kila miezi michache. Zima, chomoa waya wa umeme, toa boksi nje. Gusa chuma chake kwanza ili umeme tuli uishe mwilini. Shika feni kwa kidole isizunguke, pangusa kwa brashi laini iliyo kavu, kisha puliza vumbi litoke. Usitumie kitambaa chenye maji.

Ikibaki nzito baada ya hapo, haya, tuzungumze virusi.