Kufundisha na Kukabidhi: Uongozi katika Elimu ya Juu ya Kikristo, Mwambao wa Tanga

Utangulizi



Kusini mwa mji wa Tanga, kando ya barabara iendayo Pangani, yako magofu ya Tongoni. Jina hilo linatokana na neno tongo, yaani mahali palipokaliwa na watu kisha wakahama. Mji uliokuwapo hapo uliitwa Mtang'ata. Vasco da Gama alipita karibu nao mwaka 1498. Aliporejea mwaka 1499 aliichoma moto katika maji hayo hayo merikebu yake moja, São Rafael. Sababu kubwa ya kuichoma ilikuwa uhaba wa mabaharia: wengi walikwisha kufa, na waliosalia hawakutosha kuziongoza merikebu zote.

Mambo mawili ya Tongoni yanauhusu mhadhara huu. La kwanza, msikiti na makaburi yaliyopo pale yanatukumbusha kwamba elimu ya mwambao ilitangulia kuja kwa misheni kwa karne nyingi. Vyuo vya Kikristo vilipofika vilikuta watu wenye vyuo vyao vya Kurani, wenye hati yao ya kuandikia, na wenye lugha iliyokwisha kukomaa katika biashara, hukumu na ushairi. La pili ni la merikebu ile: chombo hakiendi kwa mbao zake, bali kwa watu wanaojua kukiongoza na walioruhusiwa kukiongoza.

Hoja yangu ni kwamba tatizo kongwe la elimu ya juu ya Kikristo katika eneo hili limekuwa makabidhiano. Ukosefu wa majengo, vitabu na fedha ulikuwapo, lakini haukuwa kiini chake. Taasisi hizi zilifundisha viongozi kwa haraka kuliko zilivyowaamini, na mara nyingi madaraka yalihamishwa pale tu dharura ilipolazimisha.

Ninapotumia istilahi "elimu ya juu" kwa karne ya 19 sikusudii chuo kikuu kwa maana ya leo. Nakusudia ngazi ya juu kabisa ya mafunzo ambayo Mwafrika angeweza kuifikia katika taasisi hizo, yaani mafunzo ya walimu na ya makasisi.

Kiungani na Magila

Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati, iliyojulikana kwa kifupi kama UMCA, ilihamia Zanzibar mwaka 1864 baada ya kushindwa katika bonde la mto Shire. Wanafunzi wake wa mwanzo walikuwa wavulana watano waliokombolewa kutoka katika jahazi la watumwa na kukabidhiwa kwa misheni na Sultani Majid. Kutokana na mwanzo huo mdogo kilikua Chuo cha Mtakatifu Andrea, Kiungani. Kufikia mwaka 1868 misheni ilikuwa imeanza kazi Magila, katika nchi ya Wabondei. Tangu hapo njia ya mafunzo ikawa moja: kijana wa Bonde alivuka bahari kwenda Kiungani, kisha akarejea bara akiwa mwalimu.

Kwa sisi wa taaluma za Kiswahili, Kiungani ina nafasi ya pekee. Edward Steere, aliyekuwa askofu kuanzia mwaka 1874 hadi kifo chake mwaka 1882, alitoa kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili mwaka 1870. Mwaka 1887 A. C. Madan alichapisha mkusanyiko wa habari zilizoandikwa na wanafunzi wenyewe kuhusu makwao, kutekwa kwao na kukombolewa kwao. Mwaka 1888 likaanza kutolewa gazeti la Msimulizi, na katika miaka ya 1890 Magila nayo ikawa na gazeti lake, Habari za Mwezi, ambalo Samuel Sehoza alikuwa mhariri wake. Twaona basi kwamba kabla ya serikali ya Wajerumani kuanzisha gazeti la Kiongozi katika shule yake ya Tanga, Waafrika walikwisha kushika kalamu ya uhariri kwa Kiswahili.

Kushika kalamu, hata hivyo, hakukuwa sawa na kushika usukani. Cecil Majaliwa ni mfano ulio wazi. Alitoka katika utumwa, akasoma Kiungani, akapelekwa Canterbury, Uingereza, akawa shemasi mwaka 1886. Mwaka 1890 akawa Mwafrika wa kwanza wa misheni hiyo kupewa daraja ya upadre. Huko Chitangali, kusini, aliongoza kituo na kukikuza mbali na usimamizi wa karibu wa Wazungu. Mwaka 1897 alirejea Zanzibar, na hakupandishwa tena ngazi. Tangu alipopewa upadre hadi John Sepeku alipowekwa wakfu kuwa askofu msaidizi wa Zanzibar mwaka 1963, ilipita miaka 73.

Isidhaniwe kwamba wakuu wote wa misheni walikuwa watu wa dharau. Frank Weston, aliyekuwa mkuu wa Kiungani kabla ya kuwa askofu wa Zanzibar mwaka 1908, aliwatetea Waafrika kwa ujasiri, na mwaka 1920 aliishambulia hadharani sera ya kazi ya shuruti ya serikali ya nchi yake mwenyewe. Lakini utetezi si makabidhiano. Mtu aweza kumpenda mwanafunzi wake, akamsemea mbele ya wakubwa, na bado asimpe ufunguo wa ofisi. Kwa wanawake mlango ulikuwa mwembamba zaidi. Shule ya Mbweni, chini ya Caroline Thackeray kuanzia mwaka 1877 hadi 1902, ilitoa walimu wa kike, lakini ngazi iliyowapeleka wavulana kwenye upadre haikuwekwa kwa ajili yao.

Mtihani wa vita

Vita Kuu ya Kwanza ilifanya lile ambalo mipango ya misheni haikulifanya. Tangu mwaka 1914 wamisionari Waingereza waliokuwa katika ardhi ya Wajerumani walikamatwa na kuzuiliwa. Makanisa ya Bonde na Uzigua yakabaki mikononi mwa mapadre na walimu Waafrika, ambao baadhi yao walikamatwa pia na kupelekwa bara kwa kushukiwa kuwa upande wa Waingereza. Majeshi ya Uingereza yalipoitwaa Tanga mwaka 1916, zamu ikawa ya upande wa pili. Wamisionari wa Bethel waliokuwa Usambara walizuiliwa, na kufikia mwaka 1920 wamisionari wa Kijerumani walikuwa wameondolewa nchini. Walutheri wa Usambara nao wakajiongoza.

Makanisa hayo hayakufa. Kwa maoni yangu, sababu moja kubwa ilikuwa lugha. Injili, sala na masomo ya watoto vilikuwa kwa lugha za wenyeji. Hakuna aliyelazimika kumngojea mkalimani ili aendeshe kazi. Elimu iliyotolewa kwa lugha ambayo mwanafunzi aliimiliki ilimwezesha kuongoza siku ambayo mwalimu wake hakuwapo.

Cha kusikitisha ni kwamba somo hilo halikukaririwa vya kutosha. Wamisionari waliporejea katika miaka ya 1920, walirejea pia kwenye viti vyao. Kwa upande wa Walutheri, ilibidi vita vya pili vije na kuwaondoa tena Wajerumani ndipo chuo cha kudumu cha kuwafunza wachungaji kianzishwe. Chuo hicho kilianza mwaka 1947 Lwandai, karibu na Mlalo, katika milima ya Usambara.

Kutoka Lwandai hadi Magamba

Wengi wanakijua Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira kuwa ni cha Arusha. Ni wachache wanaokumbuka kwamba shina lake ni Lwandai, na kwamba chuo kilihamia Makumira mwaka 1954. Hata Kiungani ilihama: katikati ya miaka ya 1920 Chuo cha Mtakatifu Andrea kilihamishiwa Minaki, karibu na Dar es Salaam. Tanga na Zanzibar zilizaa vyuo, vikakulia kwingine. Kuhama kulileta manufaa ya nafasi na usafiri, lakini pia kuliacha kumbukumbu nyuma. Chuo kisichojua kilikotoka huwa rahisi kurudia makosa ya wakuu wake wa zamani.

Baada ya uhuru makabidhiano yalikuja kwa kasi. Jimbo la Kanisa Anglikana Tanzania lilipoundwa mwaka 1970, Sepeku akawa askofu mkuu wake wa kwanza. Wakati huohuo Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ilikuwa imezitia shule za makanisa mikononi mwa serikali. Kwa hiyo viongozi Waafrika walipokea usukani katika miaka ileile ambayo sehemu kubwa ya merikebu ilichukuliwa. Kwa muda wa kizazi kizima uzoefu wa makanisa wa kuendesha taasisi za elimu ya juu ulibaki zaidi katika vyuo vya teolojia.

Milango ilipofunguliwa tena katika miaka ya 1990, makanisa yalirudi kwa wingi. Bodi ya Mikopo ilipoanza kazi mwaka 2005, wanafunzi wa vyuo binafsi nao walipata njia ya kulipa ada. Mwaka 2007 Dayosisi ya Kaskazini Mashariki ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri ilianzisha chuo kikuu kishiriki huko Magamba, Lushoto, kikitilia mkazo elimu ya watu wenye mahitaji maalumu. Kilipewa jina la Sebastian Kolowa, askofu wa dayosisi hiyo na mkuu wa kanisa lake hadi kifo chake mwaka 1992, na mwaka 2012 kikawa chuo kikuu kamili. Jina hilo lina uzito wake: safari hii chuo kilibeba jina la mwana wa nchi.

Lakini jina halilipi mishahara. Mwaka 2017 Tume ya Vyuo Vikuu ilivizuia vyuo 19 nchini kudahili wanafunzi wapya, vikiwamo vya madhehebu ya Kikristo, kwa kasoro za ubora. Mwaka 2020 vingine vilifutiwa vibali kabisa. Vyuo vingi vilikuwa vimefunguliwa kwa imani kubwa na wahadhiri wachache, vikitegemea ada na mikopo ya wanafunzi. Hapa tatizo la makabidhiano limegeuza sura. Zamani Mzungu hakumwamini Mwafrika. Leo swali ni kama mmiliki, yaani kanisa, anamwamini mkuu wa chuo aliyemteua, na kama mkuu huyo anaandaa wa kumrithi.

Hitimisho

Natoa mapendekezo matatu. Kwanza, kila chuo kiandae uongozi wa baadaye tangu mapema, kwa utaratibu ulioandikwa, badala ya kungoja kifo, kashfa au barua ya Tume. Pili, vyuo hivi vikipe Kiswahili kazi ya kitaaluma. Leo Kiingereza ndicho lugha ya kufundishia katika vyuo vikuu vyetu, ilhali wahitimu wengi wataongoza shule, sharika na ofisi kwa Kiswahili. Waliofuzu Kiungani hawakuwa na pengo hilo. Tatu, kumbukumbu za Kiungani, Magila na Lwandai zikusanywe na kusomwa na wanafunzi wa historia na wa lugha kwa pamoja, kwa maana ni kumbukumbu za watu walioandika Kiswahili sanifu kabla hakijaitwa sanifu.

Watu wa Mtang'ata walijenga kwa mawe, na mawe yao yapo hadi leo. Waliohama ni watu. Vyuo vyetu visijipime kwa majengo peke yake. Vijipime kwa idadi ya wale wanaoweza kuchukua kazi kesho asubuhi, mkuu asipofika.