Chumvi, Nondo na Mchanga: Kigezo cha Zege kutoka Unguja hadi Nyegina

Mjadala wa mchanga wa ujenzi mara nyingi huishia kwenye swali la ulikotoka: wa mtoni hufaa, wa baharini haufai. Makala hii inadai kwamba kigezo hicho hakitoshi. Kinachopaswa kuamua ni kilichomo ndani ya mchanga, yaani kloridi, udongo na uchafu, kwa kuwa hivyo hupimika na hupunguzika. Hoja hiyo hudhihirika tukilinganisha Unguja na Nyegina, karibu na Musoma, ambako mchanga wa ziwa hauna tatizo la chumvi.

Tuanze na chanzo cha madhara. Ndani ya zege zima, lenye pH inayozidi 12, nondo hujifunika utando mwembamba unaozuia kutu. Kloridi huuvunja utando huo. Kutu inayofuata huhitaji nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, hivyo hulisukuma zege hadi likapasuka na kubanduka. Pasipo chuma, hatari hiyo haipo. Husuni Kubwa ya Kilwa Kisiwani, iliyojengwa karne ya 14 kwa matumbawe na chokaa, ingali na kuta zilizosimama kando ya bahari. Ukuta usio na nondo, basi, haustahili masharti yaleyale ya nguzo na boriti, ingawa chumvi inaweza kuharibu lipu na rangi yake.

Tatizo lenyewe lina ukubwa gani? Kilo moja ya maji ya bahari ina takribani gramu 19 za kloridi. Tani moja ya mchanga ikibeba kilo 100 za maji hayo, itakuwa na kloridi kilo 1.9. Kwa mchanganyiko wenye kilo mbili za mchanga kwa kila kilo ya saruji, hiyo ni asilimia 0.38 ya uzito wa saruji. Kiwango cha Ulaya, EN 206, huweka ukomo wa asilimia 0.2 au 0.4 kwa zege lenye nondo, kutegemea daraja lililochaguliwa. Mchanga huo ukioshwa kwa lita 500 za maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, ukachujwa hadi zibaki lita 100, kloridi hushuka hadi karibu asilimia 0.06 ya saruji. Suuzo moja lililochanganywa vizuri limemaliza kazi.

Kikwazo, kwa hiyo, ni maji. Unguja hutegemea sana maji ya ardhini, na visima vya pwani vikivutwa kupita kiasi huingiwa na chumvi. Kuchota maji ya kunywa ili kusafishia mchanga ni kuhamisha tatizo. Sri Lanka ilionyesha njia nyingine: mchanga uliochotwa baharini ulirundikwa Muthurajawela, mvua ikauosha. Rundo la kimo cha mita moja likinyeshewa milimita 800 hupata takribani lita 500 kwa kila tani, na Unguja hupata mvua zaidi ya hiyo kwa mwaka. Sharti ni kwamba chini ya rundo maji yapite, na yasielekezwe kwenye mashamba wala visima.

Nyegina iko upande wa pili wa hoja. Maji ya Ziwa Victoria ni baridi na hutoka kupitia Mto Nile bila kulimbikiza chumvi, kwa hiyo kuosha mchanga wake kwa hofu ya chumvi ni kupoteza nguvu. Adui wa huko ni udongo laini na mabaki ya mimea. Fundi anaweza kuutia mchanga kwenye chupa ya maji, akautikisa na kuuacha utulie: tabaka la tope juu ya mchanga humwonya. Chupa hiyo, hata hivyo, haionyeshi chumvi. Kloridi huhitaji kipimo cha nitrati ya fedha.

Wala ubora wa mchanga hauhalalishi kuuchota popote. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na ufukwe uliochimbwa haurudishwi kwa kuoshwa.

Mikataba ya ujenzi, basi, idai vipimo vinavyolingana na mahali na matumizi: kloridi kwa zege la nondo pwani, udongo na mabaki ya mimea kwa mchanga wa ziwa, na kibali cha eneo la uchimbaji kwa wote. Kukataza mchanga kwa jina la bahari kunaongeza shinikizo kwenye mito na mashamba. Kuuruhusu bila kipimo kunawaachia wakazi wa nyumba gharama ya nondo zilizoliwa.