Kinyama Ndani ya Chupa

Nilipoanza kazi ya utabibu katika zahanati huku Mgori, mwaka 1984, kipimo changu cha uvimbe kilikuwa vidole. Uvimbe mgumu ulioshika mfupa niliuogopa. Ule laini, unaoteleza chini ya ngozi, niliuita uvimbe wa mafuta na kumruhusu mgonjwa aende zake.

Kisha akaletwa mtoto wa miezi 14 mwenye uvimbe mgongoni, laini, usiouma. Wakati wa kupanda uwele, uvimbe huo ulikuwa kama ndimu. Tunavuna, umefika embe. Bibi yake akaniuliza, "Mwanangu, mafuta gani haya yanayokimbia hivi?" Sikuwa na jibu.

Jibu lilikwishaandikwa zamani. Mwaka 1926 mtaalamu aitwaye Jaffe aliupa uvimbe wa namna hii jina la lipoblastoma: seli changa za mafuta ambazo bado zinakua. Mwaka 1958 Vellios na wenzake wakaeleza aina yake inayopenya hadi kwenye misuli. Mwaka 1973 Chung na Enzinger wakakusanya habari za wagonjwa 35, wengi wao watoto wachanga na wadogo. Uvimbe huu hukua upesi, lakini hauendi kushika viungo vya mbali. Ukibakizwa kidogo, waweza kurudi palepale.

Mwaka huohuo wa 1958, kwa majirani zetu Kampala, Denis Burkitt alichapisha habari za uvimbe wa mataya aliouona kwa watoto hospitalini Mulago. Aliudhani sakoma, saratani ya misuli au mifupa. O'Conor na Davies, walioutazama kwa darubini hapohapo Kampala, ndio walioonyesha kuwa ni limfoma, saratani ya mfumo wa limfu. Ikiwa vidole vya daktari bingwa wa upasuaji kama Burkitt havikutosha, vyangu vingetosha vipi?

Mtoto wetu alipasuliwa mjini Singida. Kinyama kikatiwa kwenye chupa ya fomalini, kikapanda basi kwenda Muhimbili. Majibu yalichukua miezi miwili, na muda wote huo mama yake alipita zahanati kila alipokwenda gulioni. Karatasi ilipofika ilisema: lipoblastoma, si saratani. Nilimsomea mara tatu, maana aliniomba mara tatu.

Wazazi wa Mgori, uvimbe wa mtoto unaokua msiuchanje kwa wembe wala kuukanda. Mpelekeni hospitali mapema. Nanyi wenzangu mnaopasua, msikitupe kinyama. Jina la ugonjwa limo humo.